Tupige Picha Mtaa Wetu

Bibi mmoja wa jumuiya yetu alipofariki, tulikwenda kuwasaidia wafiwa kama ilivyo desturi. Wengine walipika, wengine walichota maji, na sisi tukapewa kazi ya kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Wajukuu walituletea boksi la viatu lililojaa picha. Tulizimwaga juu ya mkeka tukaanza kuchambua. Zilikuwamo picha za harusi, za ubatizo, za Kipaimara, za kumaliza darasa la saba, na picha za misiba mingine iliyotangulia. Katika karibu zote bibi alisimama wima, mikono imenyooka, uso ameukaza kama mtu aliye kwenye gwaride.

Ndipo mjukuu wake mkubwa akauliza, "Mama zangu, hakuna hata moja aliyopigwa akiwa sokoni?"

Tulitazamana. Kwa zaidi ya miaka thelathini bibi yule aliuza dagaa Nyasa hapa Songea. Sote tulikuwa wateja wake. Tuliikumbuka meza yake, kopo lake la kupimia, kigoda chake kifupi, na ile konzi moja aliyozoea kuongeza kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Tuliyakumbuka yote hayo, lakini picha hatukuwa nayo. Kazi iliyowalisha na kuwasomesha wale watoto haikuacha hata karatasi moja ndani ya boksi. Tulichagua picha ya harusi ya binti yake, tukaipeleka studio ikakatwa kichwa tu, na hiyo ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza.

Msomaji mpendwa, makala haya yalianzia juu ya mkeka ule.

Kwa nini tunapiga picha siku kubwa tu?

Zamani palikuwa na sababu. Filamu moja ilikuwa na picha 36, ilinunuliwa kwa fedha, na kuisafisha kulitaka fedha nyingine. Mpiga picha alikodishwa kwa siku ya harusi, na hakuna aliyethubutu kupoteza picha moja kwa kupiga genge la nyanya. Siku hizi mama wengi tuna simu zenye kamera. Picha moja haitugharimu kitu. Hata hivyo tabia yetu haijabadilika. Tunajipiga picha tukiwa na vitenge vya sare, tumesuka nywele, tumesimama mbele ya keki. Siku ya kawaida inapita bila kutazamwa.

Mji wetu nao umekuwa hivyo. Kila mwaka tarehe 27 Februari watu hukusanyika mtaa wa Mahenge, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, naye aliuawa mwaka huohuo. Siku hiyo kamera huwa nyingi. Zilikuwa nyingi zaidi tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alipofika hapo, akakutana na ukoo wa Songea Mbano na kuomba msamaha. Ni vema siku kama hizo zihifadhiwe. Lakini nani alipiga picha siku iliyofuata, wakati mama lishe walipowasha tena majiko yao na wanafunzi walipopita na fagio zao za chelewa?

Tulianza na simu tatu

Baada ya arobaini ya bibi, akina mama sita wa jumuiya yetu tulikubaliana kutembea pamoja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi na kupiga picha mtaa wetu kama ulivyo. Tulikuwa na simu tatu zenye kamera. Mmoja wetu alileta kamera ya zamani ya marehemu mume wake. Tuliifuta vumbi, tukaishika kwa zamu, lakini filamu yake hatukuipata, basi ikarudi kabatini.

Tuliondoka alfajiri, saa kumi na mbili na nusu. Ilikuwa mwezi Juni, na wanaoijua Songea wanajua baridi ya Juni. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni na vilima vya Matogoro vilionekana nusu tu, kama mtu aliyejifunika blanketi mpaka kifuani. Wanaume wa bodaboda walikuwa wamevaa makoti mazito wakiota moto wa maboksi. Mama mmoja alikuwa anakaanga maandazi, na moshi wa jiko lake ulipopigwa na mwanga wa jua la kwanza, tukasimama wote sita bila kuambizana. Tulimwomba ruhusa. Akacheka akasema, "Mnipige na maandazi yangu, msije mkanikata mikono." Ile ndiyo picha yetu ya kwanza, na mpaka leo ni mojawapo ya zile tunazozipenda.

Kuanzia hapo tumepiga mengi. Tumepiga fundi cherehani aliyeweka mashine barazani, mguu mmoja kwenye pedali na mtoto amelala chini ya meza. Tumepiga baiskeli iliyobeba magunia matatu ya mkaa na mtu anayeisukuma akiwa haonekani. Tumepiga mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai na kuku anayenyemelea. Tumepiga mlango wa duka uliopakwa rangi ya kampuni ya simu, na chini yake rangi ya soda inachungulia, na chini ya hiyo rangi ya buluu ya zamani ambayo wenye umri wetu tunaikumbuka. Ukizipanga mezani picha hizo unaona jinsi watu wanavyojitafutia riziki, na unamshukuru Mungu kwa mikono ya watu.

Maji yetu yanatoka wapi, yanakwenda wapi?

Katika kazi yetu ya uuguzi tumezoea kumwuliza mgonjwa wa kuhara, "Maji ya kunywa mnachota wapi?" Basi haikuchukua muda, matembezi yetu yakateremka kutoka barabarani kwenda mtoni.

Songea imebarikiwa maji. Milima ya Matogoro iliyo ukingoni mwa mji ni chanzo cha mito mitatu, na kila mmoja unashika njia yake. Mto Ruvuma unaelekea kusini mpaka unapofika mpakani na Msumbiji, kisha unageukia mashariki na kuingia Bahari ya Hindi, safari ya kilometa zipatazo 800. Mto Luegu unaelekea kaskazini na kuungana na maji ya Rufiji. Mto Ruhila, ambao wengine huuandika Luhira, unapeleka maji yake upande wa Ziwa Nyasa, na ni mojawapo ya vyanzo vya maji ya bomba ya mji wetu. Watoto wetu wengi hawajui kwamba tone linaloanguka upande huu wa mlima na tone linaloanguka upande ule hayatakutana tena kabla ya kusafiri mbali sana.

Mbali na mito hiyo mikubwa, mji una vijito vinavyopita katikati ya nyumba. Chini ya mtaa wetu kipo kimoja. Mwezi Juni maji yake ni membamba na unaweza kuyaruka. Mwezi Februari, mvua zikiwa zimekolea, yanakuwa mekundu kama chai ya maziwa na yanafika kwenye magogo ya daraja ambalo watoto hupita kwenda shule. Tulichagua jiwe moja kubwa, na kila mwezi tulisimama juu ya jiwe hilohilo na kupiga picha upande uleule. Hatukuwa na ujuzi wowote wa pekee. Tulisimama tu mahali pamoja.

Baada ya mwaka mmoja tukawa na picha kumi na mbili. Tuliposafisha na kuzipanga kwa mstari, tuliona mambo ambayo macho yetu yalikuwa yameyapita kila siku. Ukingo wa kushoto ulikuwa umeliwa na maji mpaka mzizi wa mwembe ulikuwa nje. Tanuru la tofali lilikuwa limesogea karibu na maji mara mbili. Vinyungu vya mboga vilikuwa vimelimwa mpaka kwenye tope lenyewe, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu ziwe mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na kwenye udongo uliokatika palionekana tabaka la mifuko ya rambo, ile ile iliyopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Mifuko imeacha kubeba nyanya, lakini ardhini bado ipo.

Macho ya muuguzi yaliona na mengine. Katika picha moja watoto watano walikuwa wanaogelea mahali maji yametulia chini ya majani. Ni picha ya furaha, meno yote nje. Lakini maji yaliyotulia yenye majani ni makazi ya konokono, na kichocho hupitia kwa konokono. Mayai ya vimelea hutoka kwa mgonjwa kwa njia ya mkojo au choo, yakaanguliwa majini, wadudu wakaingia ndani ya konokono, wakakua humo, kisha wakatoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kufua. Hakuna haja ya kunywa maji hayo. Kusimama ndani kwa dakika chache kunatosha. Katika picha nyingine choo cha shimo kilikuwa kilimani na kisima cha kuchimbwa chini yake, umbali wa hatua kumi na tano hivi. Inashauriwa choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, tena kiwe upande wa chini. Tumepita kati ya choo kile na kisima kile kwa miaka mingi bila kujiuliza.

Kosa letu

Sasa tuseme jambo ambalo hatulifurahii.

Asubuhi moja tulimpiga picha mama mmoja akifua kijitoni. Alikuwa ameinama, kanga kuukuu ameifunga kifuani, mtoto ameketi juu ya jiwe pembeni, na mwanga ulikuwa mzuri mno. Tulikuwa ng'ambo, naye hakutuona. Hatukumwita. Jioni ile mmoja wetu aliituma picha kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, na kutoka huko ikasambaa. Wiki iliyofuata tuliitumia katika mafundisho ya usafi ukumbini, ikabandikwa ukutani, tukaeleza hatari ya kufulia mtoni.

Mama yule alikuwa ukumbini. Alikaa nyuma, akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake alikuja. Hakupiga kelele. Alisema, "Dada zangu, mmenibandika ukutani nikiwa na kanga ya kufulia. Shemeji yangu ameniona. Watoto wa jirani wanamcheka mwanangu. Mngeniita tu, ningevaa blauzi."

Hatukuwa na la kujibu. Sisi wauguzi tulifundishwa tangu chuoni kwamba siri ya mgonjwa hailetwi barabarani. Hatumpigi picha mgonjwa kitandani, wala hatusimulii ugonjwa wake kwa majirani. Lakini tulipotoka nje ya lango la hospitali na kushika simu, tulisahau kwamba mtu aliyeinama kijitoni naye ana heshima yake. Tulikuwa tumeona mwanga, jiwe na maji. Yeye hatukumwona.

Tuliitoa picha ukutani siku hiyohiyo. Tukawaandikia wote kwenye kundi wafute, ingawa tunajua picha ikishatoka hairudi yote. Jumapili baada ya ibada tulikwenda nyumbani kwake, sote sita, tukaomba radhi mbele ya mume wake na shemeji yake, maana aibu tulimpa mbele ya watu.

Alitupokea. Alitukaribisha uji wa ulezi. Na tulipokuwa tunakunywa alituambia jambo ambalo picha yetu haikulionyesha. Nyumba aliyopanga haina bomba. Maji ananunua kwa ndoo kwa jirani, na fedha aliyo nayo inatosha maji ya kunywa na kupikia tu. Nguo za watoto wanne azifulie wapi? Kisha akasema, "Mnapiga picha mahali pabaya. Mimi nafua. Njooni niwaonyeshe uchafu unakotoka."

Alitupeleka juu zaidi, nyuma ya vibanda, ambako hatukuwahi kufika kwa sababu hakuna njia nzuri. Huko tulikuta jalala ambalo watu humwaga taka usiku, na mtaro wa maji machafu ulioelekezwa moja kwa moja kijitoni. Tulimwuliza kama tupige. Akasema tupige, na akachukua simu mwenyewe akapiga mbili. Siku hizi yeye ni wa saba katika matembezi yetu, na ndiye anayewaomba watu ruhusa kwa sababu anajua kuomba kuliko sisi.

Picha kwenye mkutano wa mtaa

Tulipeleka picha kumi na mbili kwenye mkutano wa mtaa. Hatukutoa hotuba. Tuliziweka juu ya meza kwa mfuatano wa miezi, na kila mtu akapita na kutazama. Katika mikutano iliyotangulia watu walikuwa wamebishana sana kuhusu kijito, huyu akisema ni mvua, yule akisema ni wale wa ng'ambo. Mbele ya picha mabishano yalipungua. Mzee mmoja alisimama muda mrefu mbele ya ule mzizi wa mwembe, akasema kimyakimya kwamba alipokuwa kijana alikuwa anakaa chini ya mwembe ule na ukingo ulikuwa mbali.

Ilipangwa siku ya kusafisha. Tulizoa taka, tukazibua mtaro, vijana wakaweka magogo mapya kwenye daraja la wanafunzi. Mwenye tanuru alikubali kulihamisha na kweli alilihamisha. Mwenye kisima alishauriwa kukifunika na kuchemsha maji ya kunywa mpaka atakapopata mahali pengine pa kuchimba choo.

Hatutaki kukudanganya, mpendwa msomaji. Jalala lilirudi. Baada ya miezi michache tulisimama tena mahali palepale, na picha ikaonyesha mifuko na maboksi kama kawaida, ingawa si mengi kama mwanzo. Tulirudi tena kwenye mkutano na picha hiyo. Tutarudi tena. Kazi hii inafanana na kufagia uwanja, haiishi kwa siku moja.

Kwa akina mama watakaopenda kuanza

Tumejifunza machache kwa kukosea, na tunayatoa kwenu:

1. Omba ruhusa kwanza, na kwa mtoto mwombe mzazi wake. Mtu akikataa, shukuru na uendelee na safari. Akikubali, mwonyeshe picha kabla hujaondoka, naye akisema ifutwe, ifute mbele yake. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata pasipokuwa na sheria, adabu inatosha.

2. Usipige kambi za jeshi, vituo vya polisi, wala wagonjwa. Msibani subiri wafiwa wakuombe.

3. Toka asubuhi au jioni. Saa sita mchana jua huwa utosini na nyuso huwa nyeusi chini ya nyusi na kofia.

4. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini cha pamba. Picha nyingi tunazosema ni mbaya zina mafuta ya vidole tu. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vibane mbavu, na usivute pumzi unapobonyeza.

5. Sogea karibu. Ukitaka kuonyesha kazi ya mtu, onyesha mikono yake. Ukimpiga mtoto, chuchumaa mpaka macho yenu yalingane.

6. Chagua mahali pamoja, jiwe au mti, na urudi hapo kila mwezi. Picha moja ya kijito ni pambo. Picha kumi na mbili ni ushahidi.

7. Safisha angalau picha tano kila baada ya miezi mitatu. Simu huibwa, huanguka majini, na hufa na kila kilichomo. Andika nyuma kwa penseli jina la mahali, tarehe, na jina la mtu kama ameruhusu. Kalamu ya wino hupenya upande wa pili. Zihifadhi mahali pakavu, kwa sababu msimu wa mvua picha hushika ukungu na kugandana.

Tunamfikiria mara nyingi Hagari, yule mjakazi aliyekimbilia jangwani, ambaye hakuna aliyemjali, lakini akakutwa kando ya chemchemi ya maji na Mungu anayeona. Labda ndiyo maana inatupasa kuwaona watu kwa upole, hasa wale walio kando ya maji na mizigo yao.

Mwezi uliopita tulikwenda sokoni. Meza ya marehemu bibi sasa ni ya mjukuu wake mkubwa, yule aliyetuuliza swali msibani. Anauza dagaa, na msimu ukiwa mzuri anauza mbasa. Tulimwomba ruhusa, akasema ngoja kwanza. Tukadhani anakwenda kubadili nguo. Kumbe aliinama chini ya meza, akatoa kopo la bibi yake, akalijaza, na alipoongeza ile konzi ya nyongeza akatuambia, "Haya, sasa pigeni."

Picha hiyo tumeisafisha mara mbili. Moja iko kwenye albamu ya jumuiya. Nyingine tulimpelekea yeye, naye ameiweka kwenye lile boksi la viatu.